Kiganja Juu ya Kikombe

Priscila, mke wa Anatory, anasimulia hivi: Eustakia alipoona kile kitu cheupe kinadondoka chupani, tone kwa tone, macho yalimtoka kama paka anayemtazama mtu akipaa samaki. Wageni hawajakaa wakatulia, mtaalamu hajamaliza maneno yake, mwenyekiti hajasema hata "karibuni", mwanamke kashakamata kikombe. Akakibugia. Na mwenyekiti alipomnyooshea mkono kwa adabu zake zote, "Mama Avelina, tupe na sisi tuonje," Eustakia alifanya nini? Alifunika kikombe kwa kiganja! Kama mama anayefunika mboga watoto wasichovye kabla baba hajafika. Ndipo Mungu, ambaye hapendi choyo, akamfunga koo palepale mbele za watu.

"Na tangu siku hiyo," Priscila humalizia, akikung'uta mikono kama aliyemaliza kupepeta, "hajasema hata hodi. Choyo, jamani, choyo ni ugonjwa."

Siku Avelina, binti wa Eustakia, alipoyasikia hayo kwa masikio yake, alikuwa kwenye foleni ya bomba la maji pale Bugarama, ndoo mbele ya miguu yake. Priscila alikuwa amempa mgongo. Wanawake waliokuwa wakimtazama Priscila usoni walianza kukohoa, mmoja akajifanya kukaza kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Priscila akageuka.

"Shikamoo, mama," Avelina akasema.

"Marahaba, mwanangu! Wala sikukuona. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Tunamwombea, usidhani tumemsahau. Kwenye jumuiya kila wiki tunamtaja."

Avelina alikinga maji, akajitwisha ndoo, akaondoka. Hakusema kwamba siku ya tukio Priscila alikuwa mnadani Kasulo akiuza maharage, na kwamba hakuona kikombe, hakuona kiganja, hata moshi hakuuona. Angesema, wangemwambia ana mdomo kama mama yake alivyokuwa nao. Akapanda kilima, na hasira ikapanda naye.

Hasira ya Avelina haikuwa ile ya kutupa vyombo. Ilikuwa hasira ya tanuri. Wanaochoma mkaa wanaijua: magogo yamepangwa, majani yamewekwa juu, udongo ukafunika kila kitu, na mtu anayepita njiani anaona kichuguu tu chenye kamoshi kembamba. Ndani kuna moto unaokula mti mzima hadi kiini, taratibu, bila haraka. Ole wake atakayekanyaga pale juu akidhani ni ardhi.

Maana Avelina alikuwepo. Aliona tangu mwanzo.

Aliona Wiston alipoletwa nyumbani kwao na Ildefonce, mwenyekiti wa kitongoji. Kijana mtanashati, viatu safi, sauti ya upole, ametoka chuo, ametumwa na mradi wa nishati. Alikuwa akitafuta mtu anayejua kupika gongo ya ndizi iliyo safi kuliko zote. Vidole vyote vikaonyesha mlango wa Eustakia. Mwanzoni Eustakia aliruka.

"Gongo? Mimi? Mwenyekiti, umeniletea polisi?"

"Tulia, Mama Avelina," Ildefonce akasema, akicheka hadi tumbo likatikisika. "Siku hizi haiitwi gongo. Inaitwa malighafi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kile ambacho juzi tu kilifichwa chini ya magunia ya kahawa, leo kikapewa jina la heshima, kikawekwa uani juani, na mwenyekiti mwenyewe akakaa karibu yake amekunja nne. Wiston alieleza kwamba mradi hautaki watu walewe, unataka wapike. Mitungi ya gesi haifiki huko vilimani, na ikifika bei yake inawatoa machozi. Lakini ndizi zipo, na gongo ipo. Akasema gongo ile ikigeuzwa mvuke, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lenye mkaa wa namna yake uliotiwa joto, kileo kinabadilika, kinatoka upande wa pili kikiwa kitu kingine kabisa, chepesi, kinachowaka kwa mwali wa buluu bila masizi.

Siku ya maonyesho aliwaonyesha wageni punje za mkaa ule, ameziweka kiganjani kama mbegu.

"Huu si mkaa wa kupikia ugali," alisema. "Huu umeamilishwa. Yaani umeamshwa."

"Kwani ulikuwa umelala?" akauliza mzee Bonaventura, na watu wakaangua kicheko.

"Ulikuwa umelala, mzee wangu. Tumeuchoma bila hewa, tumeuloweka kwenye asidi, sasa uko macho."

"Basi nipe punje mbili nimpelekee mwanangu, maana jua linamkuta kitandani!"

Hata Eustakia alicheka. Alikuwa na kicheko kinene, cha kutoka tumboni, na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, na ndiye aliyekuwa akiita watoto wa watu warudi makwao jua likizama, hata wasio wake.

"Na mkaa wenyewe unakwisha?" akauliza.

"Hauishi, mama. Mkaa hapa ni kama mshenga. Anamleta huyu, anamleta yule, anazungumza nao, harusi inafungwa. Kisha yeye anachukua fimbo yake anarudi kwake vilevile alivyokuja. Sisi tunauita kichocheo."

Watu walipenda sana mfano ule. Avelina naye aliupenda, na sasa kila akiukumbuka anasikia uchungu mdomoni, kama aliyetafuna mwarobaini.

Alikuwa ameona pia mambo ya asubuhi, kabla wageni hawajafika. Mkaa ulitolewa kwenye ndoo ya asidi, na Wiston akamwambia mama yake auoshe kwa maji safi, amwage, aoshe tena, mpaka yeye atakaposema basi. Eustakia alivaa glavu za mpira alizopewa, akaosha. Wiston alikuja na kikaratasi chake, akakichovya kwenye maji ya kuoshea, kikageuka rangi, akatikisa kichwa. "Bado, mama." Eustakia akaosha tena. Kikaratasi kikachovywa tena. "Bado." Avelina alichota maji mpaka shingo ikamuuma. Ndipo Ildefonce akaja mbio mbio, amevaa koti lake la mikutano.

"Mtaalamu, wageni wako njiani! Watu wa kata hawa, hawapendi kungoja."

Wiston akatazama simu yake, akautazama mkaa, akaitazama njia. Safari hii hakuchukua kikaratasi.

"Inatosha," akasema.

Avelina hakusoma zaidi ya darasa la saba, na mambo ya asidi hakuyajua. Lakini "bado" alijua ni nini, na "inatosha" alijua ni nini, na alijua kwamba kati ya hayo mawili hakuna kilichobadilika ila wageni.

Pipa la kuchemshia likajazwa gongo hadi karibu na shingo. Moto ukachochewa kwa haraka ileile. Gongo ikachemka kwa fujo, pipa likatikisika, na badala ya mvuke peke yake likatapika na maji yake ndani ya bomba la mkaa, yakasomba kile ambacho asubuhi hakikuoshwa kikaisha. Wiston alivuta kuni nje, akaweka sura ya mtu ambaye kila kitu kinaenda kama alivyotaka. Baada ya kitambo, kule mwisho, baada ya bomba kupita kwenye beseni la maji baridi, kitu kikaanza kudondoka chupani. Cheupe. Kina harufu tamu ya ajabu, kama matunda yaliyosahauliwa kwenye chumba kilichofungwa.

Sasa, mtu wa mbali lazima aambiwe jambo moja. Huko kwao, pombe haifiki mdomoni mwa mgeni kabla haijapita mdomoni mwa aliyeipika. Chungu kikifunguliwa, mpishi anainama kwanza, anavuta kwa mrija wake mbele ya macho ya wote, anameza, ndipo anasema "karibuni". Akitema, amewaambia wageni kwamba nyumba yake ina sumu, na neno hilo halifutiki hata kwa wajukuu. Kama pombe ina kasoro, hatemi. Anameza, kisha anaweka kiganja juu ya mdomo wa chungu. Basi. Hakuna anayeuliza. Kiganja kile maana yake: msiguse hiki, hakifai.

Mzee Bonaventura alinyoosha shingo. "Na hiki nacho kimepita motoni nyumbani kwa mtu. Hakionjwi?"

Ilikuwa mzaha nusu, na nusu haikuwa mzaha. Ildefonce akajipigapiga mapajani. "Kweli kabisa! Mtaalamu, kwetu mwenye nyumba huanza."

Watu wote wakamtazama Wiston. Na Wiston akatabasamu. Akachukua chupa ile, akamimina kwenye kikombe cha bati, kwa mkono wake yeye, mkono wa kulia wenye saa. Akampa Eustakia kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundishwa adabu.

"Mama ndiye mwenye nyumba," akasema.

Eustakia akanywa.

Avelina aliona shingo ya mama yake ikikaza. Aliona macho yakijaa maji. Aliona mkono wa kushoto ukishika ukingo wa benchi mpaka vifundo vikapauka. Wageni wa kata walikuwa wamekaa mbele yake, na jirani zake wote, na Eustakia hakutema. Alimeza. Ildefonce, ambaye siku zote hutaka kuwa wa pili, alikuwa tayari amenyoosha mkono kupokea. Ndipo Eustakia akakileta kikombe kifuani pake, akakifunika kwa kiganja.

Kisha akaanguka.

Hospitalini daktari aliuliza kama alikunywa maji ya betri. Wiston alikuwa amewafikisha kwa gari la mradi, na alikaa nao kwenye benchi la nje akiwa ameshika kichwa, hilo Avelina hamnyimi. Lakini daktari alipotoka na swali lake, Wiston aliangalia sakafu. Kesho yake hakuonekana. Simu yake ikawa inaita, kisha ikawa haiiti.

Eustakia alirudi nyumbani akiwa hai. Anakunywa uji mwepesi, kijiko kimoja akipumzika, kijiko kingine akipumzika. Sauti haikurudi. Daktari alisema koo limeungua vibaya na limeshikana kwa makovu. Akitaka kitu anagonga kikombe kwa kijiko. Akikasirika anagonga mara nyingi.

Na kwa kuwa yeye hana sauti, wenye sauti wakamsemea. Ildefonce aliwaambia watu wa kata kwamba mama yule alijichukulia kikombe kwa siri, kwa tamaa zake, mtaalamu akiwa amegeuka. Priscila akalipokea, akalitia chumvi, akalipeleka bombani. Mzee Bonaventura alipoulizwa alisema macho yake siku hizi hayaoni mbali. Mradi ukafunga virago kimya kimya, ukahamia Biharamulo, na hakuna aliyeandikiwa kosa.

Haya yote Eustakia aliyabeba. Lililomshinda lilikuwa la Marcel.

Marcel, anayekaa kwenye mteremko wa chini yao, alikuwa akimwoza binti yake Bernadetha, na sherehe ilikuwa Jumapili inayofuata. Ndizi za pombe ile zilikuwa tayari zimefukiwa kwenye shimo la Eustakia kuivishwa, maana tangu Bernadetha hajazaliwa ilijulikana kwamba pombe ya sherehe kitongojini pale ni ya Eustakia na wa kuifungua ni Eustakia. Mke wa Marcel alikuja mchana, akakaa ukingoni mwa kiti, akazungushazungusha maneno. Mwishowe akasema wamempata mtu mwingine, wa kutoka upande wa pili. "Si kwamba sisi tunaamini, Mama Avelina. Ni wageni. Wakwe wamesikia habari. Wanasema, mtu aliyefunika kikombe kwa choyo, watajuaje siku akikifunika kwa kweli?"

Eustakia hakugonga kikombe. Alimsindikiza mgeni wake hadi njiani, kama kawaida. Kisha akaenda kwenye shimo, akapiga magoti, akafukua udongo kwa mikono, akatoa majani ya migomba, na ndizi zikatokea za njano, zenye harufu nzuri, zimeiva vile inavyotakiwa. Akazibeba vichane kwa vichane akawamwagia mbuzi. Alifungua mdomo akiwa anamwaga, ukabaki wazi. Hakuna kilichotoka. Avelina alisimama mlangoni akitazama mdomo ule uliokuwa ukiimbisha kanisa zima, na ndani ya tanuri udongo ukapasuka.

Alikwenda kwanza kwa Ildefonce. Akamkuta chini ya paa la ofisi yake akikagua meno kwenye kioo cha simu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Karibu. Mama anaendeleaje?"

"Mwenyekiti, mimi nilikuwepo."

Ildefonce akaiweka simu chini.

"Wewe ndiye uliyekuwa wa pili," Avelina akasema. "Mkono wako ulikuwa umeshanyooka. Kile kikombe kingekuja kwako. Leo wewe ndiye ungekuwa unagonga kijiko, na mama yangu ndiye angekuwa anakuombea."

"Punguza sauti."

"Nina sauti moja tu, mwenyekiti, na naitumia kwa watu wawili. Nenda Jumapili kwa Marcel, useme ulichokiona."

Ildefonce alijikuna shingo. Alikuwa mtu mwenye aibu kidogo, na aibu yenyewe ilimkalia vibaya kama koti la kuazima. "Mwanangu, nikisema, wataniuliza nani aliruhusu gongo ipikwe uani hadharani. Wataniuliza nani aliharakisha. Unataka niseme nini? Aliyemimina ni yule mtaalamu. Aje yeye aseme. Akisema yeye, mimi sitapinga hata nukta."

"Hutapinga?"

"Sitapinga. Yuko Nyarubungo sasa. Nimesikia kesho ana maonyesho huko."

Kwa hiyo Avelina akaenda Nyarubungo. Alimwachia jirani mwenye huruma kazi ya uji, akavaa viatu vya kanisani, akapanda gari hadi Biharamulo na kutoka pale pikipiki. Njiani alijipangia maneno. Alikuwa na maneno makali, mengine hata hakujua ameyaokota wapi. Lakini alijua pia kwamba hakuja kutukana. Alikuja kuomba, na mwombaji anayetukana anarudi mikono mitupu.

Hakupotea. Moshi wa kuni na ile harufu tamu ya matunda yaliyosahauliwa vilimwongoza mpaka kwenye uwanja wa mama mmoja aliyeitwa Anjelika. Pipa lilikuwa lilelile, lina kovu lilelile la kubonyea ubavuni. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, watu wameanza kukaa. Wiston alikuwa ameinama akikaza nati. Alipoinuka akamwona, spana ikabaki hewani.

"Avelina."

"Habari yako, mtaalamu."

"Mama... mama anaendeleaje?"

"Anaendelea kunyamaza."

Wiston alimvuta pembeni, nyuma ya banda la mbuzi. Alikuwa amekonda kidogo, Avelina aliona. Avelina alimweleza shida yake kwa ufupi: Jumapili, kwa Marcel, kabla chungu hakijafunguliwa, aje aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemimina, na mama alionja kwa sababu ya desturi. Hayo tu. Hakuja na polisi wala mwanasheria.

"Nilidhani atanusa," Wiston akasema. Maneno yalimtoka kama yalikuwa yamekaa mlangoni siku nyingi. "Mimi si wa kule. Nilidhani ni kama kuigiza, anagusa mdomo, watu wanapiga makofi. Nilipoona amemeza, Avelina, nakuapia, damu yangu iliganda."

"Ikaganda na ulimi?"

"Unafikiri nalala vizuri? Nimekaa nikifikiria. Lakini nikisema hadharani, mradi unafungwa. Wote. Si hapa tu. Na hii kitu inafanya kazi! Wanawake hawatatembea tena kutafuta kuni. Hapa nimeosha mkaa mpaka karatasi haibadiliki kabisa. Pipa sijazi. Nimejifunza."

"Umejifunza kwenye koo la mama yangu."

Akafumba macho. Kabla hajayafumbua, Anjelika aliita kutoka uwanjani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mchangamfu, ameshika sinia lenye vikombe.

"Mtaalamu! Wageni wamekaa, na bomba lako linadondosha. Nije nionje? Au nyie wasomi mna utaratibu mwingine?"

Wiston alitoka nyuma ya banda karibu kwa kukimbia. "Hapana, mama!" akasema, akicheka kicheko kikavu, mikono juu. "Hii hainywewi. Hii ni ya jiko."

"Ahaa," Anjelika akasema, akaweka sinia chini. "Basi nirudishe vikombe."

Ikaisha. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyeona mila imevunjwa. Mzee mmoja hata alitania kwamba bora jiko lilewe kuliko yeye. Avelina alisimama kando ya banda. Hii hainywewi, hii ni ya jiko. Ni hayo tu yaliyotakiwa. Maneno ambayo mtoto wa chekechea angeyasema bila kukosea. Wiston angeyasema kule Bugarama na watu wangecheka vilevile, na leo Eustakia angekuwa anakanyaga ndizi za Bernadetha huku akiimba. Tangu siku ile Avelina alikuwa akijaribu kudhani kwamba labda lilikuwa jambo gumu. Labda kulikuwa na kitu cha kisomi asichokielewa. Kumbe lilikuwa jepesi kama kumfukuza kuku.

"Kwani mtu akinywa inakuwaje?" mzee wa utani akauliza.

Wiston alikuwa ameshainamia jiko, anawasha kiberiti. Mwali wa buluu ukaruka, mzuri, mtulivu, na watu wakasema "Eeeh!" kwa pamoja. Akajibu bila kuinua uso, kama mtu anayesoma maneno aliyoyazoea.

"Inaunguza, mzee. Kule tulikotoka kuna mama mmoja alijinywea kwa siri, akaumia. Ndiyo maana tunawatahadharisha."

Halafu akakumbuka nani amesimama kando ya banda. Kiberiti kikamuunguza kidole.

Avelina alitembea hadi katikati ya uwanja. Hakukimbia. Alichukua kikombe kimoja kwenye sinia la Anjelika, akasema, "Samahani, mama, nakiazima," akakiweka juu ya benchi mbele ya Wiston. Watu wakamgeukia, maana binti huyu walikuwa hawamjui, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kutazama jiko.

"Mama huyo ni mama yangu," akawaambia. "Anaitwa Eustakia. Ni mpishi wa pombe kwetu Bugarama. Hakunywa kwa siri. Alimiminiwa, akapewa kwa mikono miwili, mbele ya watu wengi kuliko ninyi. Akameza kwa sababu hakutaka kutema mbele ya wageni. Halafu mwingine aliponyoosha mkono apokee, akafanya hivi."

Akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

Anjelika alishika kifua. "Yesu wangu," akasema polepole. "Aliwazuia."

"Kwetu wanasema ni choyo," Avelina akasema. "Wanasema alifunika asigawane. Mpaka bombani wanasema. Mpaka kanisani, wanapomwombea."

Mzee wa utani hakutania. Alimgeukia Wiston, na wengine wote wakageuka naye. Wiston alikuwa bado amechuchumaa kando ya jiko, kidole mdomoni kama mtoto, na mwali wa buluu ukimwangaza kidevu. Mkaa ndani ya bomba ulikuwa ukiendelea na kazi yake. Mshenga, Avelina alifikiri. Amewakutanisha, amechukua fimbo yake, amekuja huku vilevile alivyokuwa.

Hasira ilikuwa imemjaa hadi kwenye meno. Angeweza kulipiga teke jiko lile. Angeweza kumwambia mambo ambayo yangemfuata mpaka kwa wajukuu. Lakini aliona nyuma ya macho yake mama yake amekaa kwenye benchi la nje, kijiko mkononi, akitazama njia, na akayameza yote, moja baada ya lingine, na yalimuunguza yalipokuwa yakishuka.

Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Wiston. Alikuwa amekibeba kikombe, na kiganja hakukiondoa juu yake.

"Sitaki kingine," akasema. "Hawa wamesikia kwangu, lakini mimi ni mtoto wake, na neno la mtoto kwa mama yake halihesabiwi. Ildefonce amesema ukisema wewe hatapinga. Kaka yangu, nakuomba. Jumapili, kabla chungu hakijafunguliwa. Twende ukamsemee."

Chupa ilijaa, ikaanza kumwagika kwenye vumbi, na hakuna aliyeinuka kuibadilisha. Watu wote wa uwanjani walikuwa wakimtazama Wiston. Wiston alikuwa akikitazama kiganja.